Mtu, Kitu na Mzimu: Mawazo ya Wazee wa Rwanda

Husemwa mara nyingi kwamba wazee wetu wa zamani hawakuwa na falsafa, maana hawakuandika vitabu; waliogopa mizimu, wakalima mtama na kuchunga ng'ombe, basi. Mimi sikubali, na yafaa nieleze sababu. Nitatumia lugha mbili tulizo nazo sisi wa Gitambi: Kinyarwanda cha nyumbani, na Kiswahili cha darasani na cha sokoni Kamembe.

Aliyelichunguza jambo hili kwa bidii hapa kwetu ni Padri Alexis Kagame, Mnyarwanda, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufa mwaka 1981. Kabla yake, mwaka 1945, Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi kati ya Waluba wa Katanga, alikuwa ametoa kitabu kusema kwamba kwa Wabantu kila kilichopo ni nguvu. Kagame alishika njia nyingine. Alikwenda Roma kusoma, na mwaka 1956 kitabu chake juu ya falsafa ya Wanyarwanda kikachapwa Brussels. Humo aliyachukua maneno ya lugha yenyewe, akayapasua kama mtu apasuavyo njugu ili aone kilichomo.

Alianza na shina dogo, -ntu. Shina hilo Waswahili nao wanalo, ila kwao limekuwa -tu. Kila kilichopo duniani, alisema Kagame, kinaingia katika mafungu manne. La kwanza ni umuntu, mtu, yaani kiumbe chenye akili. La pili ni ikintu, kitu, kiumbe kisicho na akili. Na hapa hata ng'ombe, mti na jiwe wamo pamoja. La tatu ni ahantu, mahali, na wakati nao umo humo humo. La nne ni ukuntu, yaani namna kitu kilivyo: wingi wake, sifa yake, tendo lake, uhusiano wake na vingine. Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alihesabu mafungu kumi. Kagame aliyaweka yote kumi ndani ya manne haya, wala hakuna lililobaki nje.

Na Imana je? Kwa Kagame, Imana hayumo katika -ntu hata kidogo, kwa kuwa vyote vya -ntu vimefanywa, naye ndiye Rurema, Muumbaji. Ajabu ni kwamba mapadri wa kwanza hawakulitumia jina hilo. White Fathers walipofungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903, si mbali na hapa, walifundisha kwa neno la Kiswahili, Mungu, na Wakatoliki wa Rwanda wakasali kwa neno hilo miaka mingi. Jina la kigeni likapewa kazi ambayo jina la nyumbani lilikuwa tayari likiifanya. Wenye kusema "Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda", yaani Mungu hushinda kwingine lakini hurudi kulala Rwanda, hawakuwa watu wasiomjua Mungu.

Lakini simfuati Kagame kwa kila neno. Mwanafunzi yeyote wa sarufi ataona shida. Kiswahili husema kipofu na kiongozi. Je, hao wamekuwa vitu? Na neno Imana lenyewe huenda na ngeli moja na inka, ng'ombe. Ngeli peke yake haithibitishi kwamba watu walifikiri hivyo. Paulin Hountondji wa Benin alipinga kwa ukali zaidi katika miaka ya 1970: falsafa, alisema, ni kazi ya mtu mmoja mmoja anayehoji na kujibiwa, si mawazo ya kabila zima yaliyofichwa katika lugha. Naona ana haki nusu. Lugha si hoja, lakini hutuonyesha mahali pa kuchimba.

Mahali pazuri pa kuchimba ni shina -zima. Kwa Kiswahili mtu mwenye afya ni mzima. Moto ukifa, umezima. Roho ya aliyekufa ni mzimu, na makao yao ni kuzimu. Kinyarwanda ni vile vile: muzima, kuzima, umuzimu, ikuzimu. Kagame alieleza kwamba kwa wazee aliyekufa si muzima tena, lakini bado ariho, yuko. Kuishi na kuwako si jambo moja. Ndiyo maana waliwatolea wafu bia na chakula katika kibanda kidogo, kazi iitwayo guterekera. Na wafuasi wa Ryangombe waliamini kwamba baada ya kufa watakaa naye juu ya Karisimbi, na wasioingia katika ibada yake wataungua Nyiragongo.

Basi mtu aliishi kwa ajili ya nini? Kagame ajibu: ili aendelezwe na uzao wake. Hata leo bwana na bibi arusi huambiwa "Muzabyare hungu na kobwa", zaeni wana na mabinti. Ni fikira nzito, nayo ilikuwa na ukatili wake, maana mwanamke asiyezaa alihesabiwa kama mtu aliyekosa safari yake. Hapo wazee siwatetei.

Hata hivyo fikira hiyo haijafa. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nyumba nyingi hazikuachiwa hata mtu mmoja: baba, mama na watoto wote waliuawa. GAERG, chama cha manusura waliomaliza masomo, kilizihesabu nyumba hizo wilaya kwa wilaya, kikapata zaidi ya 15,000. Kinyarwanda kinaziita imiryango yazimye, familia zilizozimika, kwa neno lile lile la moto. Kila mwaka hufanywa usiku wa kuzikumbuka, kwa sababu hazina mtoto wa kulitaja jina la babaye.