Tulilipia sebule, baa wakatuuliza tunangoja nani

Nilipomwambia mamangu kwamba Jumamosi ningelala kwenye switi, aliuliza ni peremende gani hiyo inayotosha mtu kulala. Nikamweleza kwamba ni chumba cha hoteli chenye sebule yake. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Sasa sebule ya nini na mnaenda kulala?"

Nilicheka. Lakini ni swali ambalo ningekuomba ujiulize kabla hujatuma pesa zako kwa hoteli yoyote ya nyota tano hapa Nairobi.

Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu wa Rongai na mwingine wa Kayole. Nitawaita hivyo hivyo, kwa mitaa yao, maana hawataki majina yao mtandaoni. Tulianza chuo pamoja. Wao walimaliza, mimi niliacha mwaka wa pili karo iliponilemea, ila ahadi yetu ilibaki palepale: wakihitimu, tutalala usiku mmoja mahali ambapo sisi hupaona tu kupitia dirisha la matatu. Tukaunda chama. Kila mtu Sh2,000 kwa mwezi, miezi 12. Ikafika Sh72,000.

Switi ilikuwa Sh46,000 pamoja na kiamshakinywa cha watu wawili. Mtu wa tatu, kitanda chake cha ziada na chai yake, Sh6,000. Kwa hivyo tulibaki na Sh20,000 za kula na kunywa. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi kabisa. Pale mapokezi waliivuruga kwa dakika tatu. Kumbe kuna amana ya Sh10,000 ambayo hoteli inashikilia hadi asubuhi, kwa sababu huenda ukamaliza vinywaji vya friji ya chumbani ukatoroka. Ilikuwa imeandikwa, tena kwa maandishi ya kutafuta na tochi, chini kabisa ya barua pepe yao. Nani husoma huko chini? Sasa hivi mimi husoma.

Tulikuwa tumekaribia kuchukua chumba cha bei nafuu zaidi, tofauti ya Sh11,000, ambacho kwenye tovuti kilikuwa na jina la switi ndogo. Nashukuru Wa Rongai alipiga simu kuuliza. Switi ndogo, mara nyingi, ni chumba kimoja kikubwa chenye kochi kwenye kona. Pengine wameweka kabati katikati lijifanye ukuta. Anayekoroma kitandani anasikika vizuri sana kwenye kochi. Switi kamili ina ukuta wa kweli na mlango unaofungika. Hizo Sh11,000 zilikuwa bei ya mlango, na kwa watu watatu ni pesa zilizotumika vizuri.

Basi tukafungua. Unaingia kwenye ushoroba mfupi, na kabla hujafika popote kuna choo. Choo cha wageni. Wa Kayole, ambaye kwao milango minane inatumia choo kimoja, alisimama hapo akakitazama kwa muda. Kizima kizima, na taulo zake ndogo zimekunjwa, kikingoja mgeni ambaye hatukuwa tumemwalika. Mbele ni sebule: kochi la watu watatu, viti viwili, meza ya kuandikia, TV. Kisha ule mlango tulioulipia, kisha chumba cha kulala chenye TV nyingine, na mwisho kabisa bafu lenye beseni la kulala ndani.

Ukikaa kwa utulivu unaanza kuona jinsi mahali penyewe palivyoundwa. Switi nyingi ni kama vyumba viwili vya kawaida vilivyounganishwa. Mabomba ya maji hupanda kutoka ghorofa moja hadi nyingine kwa njia moja ndani ya kuta, ndiyo maana katika hoteli nyingi bafu liko upande wa korido, karibu na mlango, na dirisha limeachiwa kitanda. Kile choo cha wageni, kwa macho yangu, kingekuwa bafu kamili kama sebule yetu ingekuwa chumba cha mtu mwingine.

Kando ya TV ya sebule kulikuwa na mlango wa tatu, umefungwa. Huo ni wa kuunganisha switi na chumba jirani, ili familia kubwa ikija hoteli iwauzie vyote pamoja. Usipokuwa familia kubwa, mlango huo ni sikio. Jirani yetu aliongea kwa simu hadi saa sita usiku kuhusu kontena lake lililokwama Mombasa. Kufikia asubuhi Wa Rongai alikuwa anajua hata ada za kila siku, kwa sababu kitanda cha ziada kilikuwa kimewekwa hapo hapo, kichwa kikielekea mlango. Tena akitaka kuoga lazima apitie chumba chetu cha kulala. Kama mnaenda watatu, uliza kitanda cha ziada kitawekwa wapi na bafu linafikiwa vipi. Na uliza kama kuna mlango wa kuunganisha. Hawatakwambia usipouliza.

Halafu kuna ukuta wa kioo. Mchoraji fulani mahali fulani aliamua kwamba anayeoga na anayelala wanapaswa kuonana. Pazia lipo, ila linashushwa kwa kitufe kilicho upande wa kitanda, kati ya vitufe vingine saba visivyo na maandishi. Tulikipata baada ya Wa Kayole kuwa ameshaoga gizani.

Sasa, swali la mamangu. Sebule ya nini? Tulikaa ndani yake saa nne nzima. Wa Rongai alitoa chapati na maharagwe kwenye mkoba (chakula cha jioni hakikuwa kwenye bajeti baada ya ile amana), tukala kwenye meza ya kuandikia, tukaongea. Nikagundua kitu. Mimi nakaa bedsita. Mgeni akija, hata awe mchungaji, namkaribisha kitandani, kwa sababu hakuna pengine. Ananiona shuka, ananiona sufuria, ananiona nguo zilizoanikwa. Mwenye switi anapokea mtu bila mtu huyo kujua analala wapi. Mfanyabiashara anakutana na wateja hapo, bibi harusi anapambwa hapo na shangazi zake wote. Unalipia kuamua watu waone nini kukuhusu. Hilo ndilo jibu nililompelekea mama, na alilikubali kwa shingo upande.

Saa mbili usiku tulipanga kushuka baa. Hoteli yenyewe ina baa mbili. Ya juu kabisa ina DJ, ina lifti yake kutoka nje, na mtu yeyote wa mji anaweza kuingia. Ya chini iko kati ya mapokezi na lifti: taa za manjano, viti vya ngozi, kaunta ndefu yenye viti virefu kumi hivi. Hiyo ndiyo tuliyoitaka, kwa sababu ya utulivu na kwa sababu ya picha, tusidanganyane. Wa Kayole alikuwa tayari kwanza, akashuka kutushikia nafasi.

Baada ya dakika kumi alirudi. Akaketi kwenye kochi bila kusema kitu. Ilibidi tumvute maneno.

Alikuwa ameketi kaunta, kiti cha mwisho. Mhudumu akaja. "Madam, unangoja mtu?" Akasema ndiyo, marafiki. "Basi ungengojea pale kwa lobi. Hizi viti ni za wageni wa hoteli." Viti vitatu kutoka kwake kulikuwa na mzungu mmoja, peke yake, na bia yake. Huyo hakuulizwa anangoja nani. Kadi ya chumba cha Sh46,000 ilikuwa ndani ya mkoba wa Wa Kayole, lakini hakuitoa. Alinyanyuka tu.

"Kwani hukumwonyesha kadi?" nikamuuliza.

"Ningemwonyesha ya nini? Yule mwingine alionyesha yake?"

Tulishuka wote. Mhudumu wa kaunta alikuwa mtu mzima, labda miaka 50, na sikuona ubaya usoni mwake. Aliona kadi, akashusha macho. "Dadangu, si mimi. Tumeambiwa hivyo. Wasichana wakikaa hapa pekee yao, wageni hulalamika."

"Wasichana wagani?"

"Unajua tu."

Tulijua. Msichana Mwafrika, peke yake, baa ya hoteli, usiku: watu wameshamaliza hesabu kabla hajaagiza maji. Na hata kama angekuwa yule wanayemfikiria, bado kiti ni kiti na anayelipa bili ni mteja. Meneja akaja na tabasamu la kazi, akaomba radhi, akasema ni mambo ya usalama wetu sote, akauliza tunafanya kazi wapi (sijui hilo lilihusiana vipi), kisha akatoa vinywaji vitatu vya bure.

"Sitaki cha bure," Wa Kayole akasema. "Nataka kile kiti."

Akapewa. Tukaagiza dawa, ile ya vodka, ndimu na asali yenye kijiti cha kukorogea, Sh1,300 kila glasi, na tukalipa kwa M-Pesa hapo hapo. Ningependa kukuambia kwamba usiku ulipendeza baada ya hapo. Wa Kayole alikunywa haraka, simu imelala kifudifudi, hakupiga picha hata moja. Baadaye taa zikiwa zimezimwa, nilimsikia akisema, kama anajisemea, "Hata nilijiangalia nguo kwa kioo cha lifti. Nilidhani ni nguo."

Jumanne iliyofuata, nikiwa na shughuli mjini, niliingia Stanley pale Kimathi Street inapokutana na Kenyatta Avenue. Hoteli hiyo ilianza 1902, na ndani yake kuna baa inayoitwa Exchange Bar. Jina hilo si pambo. Soko la hisa la Nairobi liliundwa mwaka wa 1954 kama chama cha madalali wa hisa, na madalali hao walikuwa wakikutana Stanley kuuziana hisa wakinywa vinywaji vyao. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kufanya biashara hiyo hadi baada ya uhuru mwaka wa 1963. Yaani kulikuwa na wakati ambapo kukosa kiti kwenye baa fulani ya mji huu kulimaanisha kukosa sehemu ya uchumi wake. Niliagiza kahawa. Hakuna aliyeniuliza namngoja nani. Nilikuwa nimejiandaa na jibu, likabaki mdomoni.

Nimewaambia marafiki kadhaa kisa hiki, na karibu kila msichana ana chake: aliyeombwa kitambulisho kwenye lifti wakati mwanamume aliye naye hakuombwa, aliyeambiwa meza zote zimehifadhiwa na nusu zilikuwa tupu. Wavulana nao huniuliza kwa nini hatukuenda tu ile baa ya juu yenye DJ. Hilo swali nimeacha kulijibu.

Asubuhi ya Jumapili tulikula hadi tukaona haya. Mayai mara mbili, nanasi, uji wa wimbi (ndiyo, walikuwa nao, na ulikuwa mtamu). Wakati wa kutoka, bili ilionyesha pakiti ya korosho ya friji ambayo hakuna aliyeigusa. Mfanyakazi akatumwa juu, akaikuta nyuma ya maziwa tuliyoweka sisi, ikafutwa. Kagua bili yako kabla hujaenda, na kwenye baa soma chini ya menyu uone kama ushuru na ada ya huduma vimo ndani ya bei au vitaongezwa. Amana yetu ilirudi Jumatano.

Kila jioni hoteli hizi huweka chokoleti ndogo juu ya mto. Tulipata tatu. Wale wawili wakanipa zao nimpelekee mama. "Hizi ndizo switi mlienda kulalia?" akauliza. Alikula moja, akampa mtoto wa jirani ya pili. Ya tatu ameiweka kwenye kabati la vyombo, kule wanapokaa wageni waione.