Na mzazi, amekula nini?

Ukimuuliza mwanamume habari za mwanawe mchanga, hakosi la kusema. Alizaliwa na kilo ngapi, kitovu kimedondoka lini, chanjo ijayo tarehe ngapi, yote anayo. Bibi mmoja wa Ngamiani, Tanga, aliyezeeka katika kazi ya kukanda wazazi, humwacha baba mtu amalize kujisifu. Kisha humuuliza: "Na mkeo, leo amekula nini?"

Wengi hugeuka kutazama jikoni.

Swali hilo nilisimuliwa na jirani, nalo likaniganda mpaka nikamtafuta mwenyewe. Mambo ya arobaini, mkaja na uji wa pilipili manga msomaji anayajua. Kilichonivutia ni ndoo. Katika nyumba nyingi maji ya kukandia hubebwa na mama mkwe au mdogo wake mzazi, naye baba huzubaa uani kama mgeni aliyefika saa mbaya. Bibi huyu hataki. Baba ndiye awashe mkaa, ndiye apime joto kwa kiwiko, ndiye alete ndoo chumbani. Akabidhiwe na taulo, alichovye, alikamue. Likichuruzika anarudishiwa, na bibi hana haya ya kumrudishia mbele ya wakwe.

Aliyejifungua kwa upasuaji tumbo haliguswi, anasisitiza. Wauguzi wa kliniki wangependa asiwakande kwa maji ya moto hata hao wengine, na mimi niko upande wa wauguzi. Lakini nyayo hazina mgogoro. Zikifikiwa, bibi huweka kikombe cha mafuta ya nazi chini na kumpisha mume.

"Anayekandwa nyayo husema," aliniambia. "Atasema la usingizi, atasema la pesa, atasema la mama mkwe. Mwanamume akande tu. Asijibu, asijitetee. Akianza kujitetea namwambia, baba, mafuta yanapoa."

John Gottman na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha mwaka 2000 utafiti uliowakuta kinamama wapatao wawili kati ya watatu wakipungukiwa na furaha ya ndoa baada ya kupata mtoto wa kwanza. Waliosalimika ni wale ambao, pamoja na mengine, waume zao waliendelea kuwaonyesha mapenzi na kujua yanayowasibu. Nilimsimulia bibi. Akauliza kama huyo Gottman naye alikanda.

Tatizo ni muda. Kwa kawaida sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 na baba siku 3, tena azichukue ndani ya wiki ya kwanza. Dereva wa bodaboda hana hata hizo. "Basi akande usiku," bibi alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka mjadala.

Kuna moja tu lililomfanya apunguze sauti: kubemenda. Zipo nyumba zinazoamini mpaka leo kwamba wazazi wakikutana kabla mtoto hajatembea, mtoto atadhoofu. Madaktari wanasema udhaifu huo ni wa lishe na maradhi, na bibi anakubaliana nao. Ila hasemi hadharani. "Nikisema haipo, mama mkwe hatanirudisha nyumba ile. Nikisema ipo, baba ataondoka mwenyewe, na unajua anakokwenda."

Nilimwambia kunyamaza kwake kunawaumiza vijana wanaolala vitanda viwili mwaka mzima. Hakukataa. Alinieleza tu kwamba amewahi kukanda wanawake wasioamini hata chembe, na bado wakamwomba awaambie waume zao kuwa ipo. Hawakuwa na njia nyingine ya kusema wamechoka. Nikamuuliza: hao wasaidiwe vipi, kwa uongo ule au kwa kuufichua?

"Wewe ungewaambiaje?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.