Jinsi rubani anavyopanga safari ya Ishiara, na kwa nini taarifa ya mkazi ni sehemu ya mpango

Ndege ndogo ikionekana juu ya Ishiara, wengi hudhani rubani aliwasha injini tu akafuata barabara. Sivyo. Kabla magurudumu hayajaacha ardhi ya Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, safari hiyo huwa imekwisha kufanywa kwenye karatasi: njia, kimo, mafuta, uzito, hali ya hewa, saa ya kurudi na mahali pa kukimbilia mambo yakiharibika.

Kwa wakazi wa Mbeere Kaskazini na majirani wao wa Tharaka, jambo hili si la marubani peke yao. Wagonjwa wengi wanaopewa rufaa kutoka Hospitali ya Ishiara husafirishwa kwa ambulansi. Lakini huduma ya madaktari wa angani imekuwepo nchini tangu 1957, mwaka ambao AMREF ilianzishwa, na kituo chake kiko Wilson. Siku mgonjwa mahututi atakapohitaji ndege, maelezo mengi ya kupangia safari yatatoka chini: kwa daktari, chifu, mwalimu mkuu au mkazi aliye karibu na uwanja. Taarifa hiyo ikiwa na kosa, mpango mzima una kosa.

Mahali kamili

Swali la kwanza la rubani ni: wapi hasa? "Karibu na soko la Ishiara" linamtosha mwendeshaji bodaboda, wala si rubani anayekuja kwa kasi ya kilomita 185 kwa saa. Yeye huhitaji nambari za ramani, yaani nyuzi na dakika.

Hapa ndipo kosa hutokea kwa urahisi. Ishiara iko takriban nyuzi 0 na dakika 27 kusini mwa ikweta. Simu nyingi huonyesha mahali hapo hapo kama 0.45, yaani sehemu ya desimali ya nyuzi moja. Mtu akisoma "0.45" kwa simu, na wa upande wa pili akaandika "dakika 45", tofauti ni dakika 18. Kila dakika moja ya kwenda kusini ni maili moja ya baharini, kipimo ambacho marubani waliazima kwa mabaharia, sawa na kilomita 1.85. Dakika 18 ni zaidi ya kilomita 33. Ndege itakayofuata nambari hiyo itaelekea upande wa mabwawa ya Mto Tana huku mgonjwa akisubiri Ishiara.

Kwa hiyo anayesoma nambari kwa simu ataje pia zimeandikwa vipi: kwa desimali, au kwa nyuzi na dakika. Kisha asomewe tena alichosema.

Njia na kimo

Kutoka Wilson hadi Ishiara ni takriban maili 80 za baharini, karibu kilomita 150, kuelekea kaskazini-mashariki. Mstari ulionyooka hupita karibu na Thika na tambarare za Mwea, kisha upande wa Siakago na Mlima Kiang'ombe, ambao kilele chake hufika takriban mita 1,800, karibu futi 5,900.

Rubani hutazama kilele kirefu zaidi kilicho karibu na njia yake, kisha huongeza nafasi ya usalama. Katika maeneo ya milima nafasi inayotumika sana ni futi 2,000. Kwa Kiang'ombe, hesabu hiyo inampa karibu futi 8,000. Mawingu yakiwa chini ya kimo hicho, anayeruka kwa kutazama ardhi kwa macho hapaswi kujipenyeza chini yake akitumaini kwamba mlima uko mbele zaidi. Ama abadilishe njia, ama asubiri.

Tahadhari hiyo imeandikwa kwa gharama kubwa. Tarehe 19 Julai 2003, ndege ya kukodi iliyotoka Wilson kwenda Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na Point Lenana, na watu wote 14 waliokuwemo wakafa. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kuelekea Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na watu wote 10 wakafariki. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, zaidi ya futi 17,000. Ndege ndogo nyingi hazipiti juu yake, huuzunguka. Mawingu nayo huufunika mlima jinsi siku inavyosonga, ndiyo maana marubani wa upande huu hupenda asubuhi.

Upepo na mafuta

Chukua mfano wa ndege ya viti vinne inayoruka maili 100 za baharini kwa saa. Bila upepo, maili 80 ni dakika 48 kwenda na dakika 48 kurudi, jumla dakika 96.

Sasa weka upepo wa kaskazi wa maili 20 kwa saa, unaovuma kutoka Ishiara kuelekea Nairobi. Wakati wa kuja, mwendo juu ya ardhi hushuka hadi maili 80 kwa saa, na safari huchukua dakika 60. Wakati wa kurudi, upepo huo huo husukuma, mwendo ukawa maili 120 na safari dakika 40. Jumla ni dakika 100. Upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipambana nao kuliko ikisaidiwa.

Mafuta ya ndege hayauzwi Ishiara, kwa hiyo lazima yatoshe kwenda na kurudi. Juu ya dakika 100, rubani huongeza dakika 10 za kuwasha injini na kupanda, dakika 20 za kwenda uwanja mbadala asipoweza kutua alikokusudia, na akiba isiyoguswa. Kwa ndege inayoruka mchana kwa kutazama ardhi, kanuni za kimataifa zinataka akiba ya angalau dakika 30. Usiku dakika 45. Jumla ya safari yetu ya mchana inakuwa dakika 160. Ikiwa injini hutumia lita 36 kwa saa, anahitaji lita 96.

Uwanja mbadala nao si jina tu kwenye ramani. Rubani huuliza kama unatumika siku hiyo. Pia husoma notisi za marubani zinazotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, zinazoeleza viwanja vilivyofungwa na hatari nyingine.

Joto na uzito

Lita 96 za petroli ya ndege zina uzito wa karibu kilo 69. Huyo ni mtu mzima mmoja. Ndiyo maana jamaa watatu wakitaka kumsindikiza mgonjwa, rubani anaweza kukubali mmoja tu, au asikubali yeyote. Huumiza, lakini anayepunguzwa si utu wa familia. Ni kilo ambazo mabawa hayawezi kubeba. Mizigo pia hupimwa, na huwekwa mahali maalumu ili ndege isilemee mbele wala nyuma.

Joto la Ishiara huzidisha hesabu hii. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa nyepesi huyapa mabawa, rafadha na injini nguvu ndogo. Chukua kiwanja kilicho futi 2,800 juu ya usawa wa bahari, adhuhuri yenye joto la nyuzi 33. Kwa hesabu ya marubani, ndege hapo hufanya kazi kana kwamba iko kwenye kimo cha futi 5,600, takriban sawa na Wilson. Itakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, na itapanda polepole zaidi. Nyasi ndefu, mchanga au matope huongeza umbali huo tena.

Kiwanja kilichotosha saa moja asubuhi kinaweza kuwa kifupi saa nane mchana, kwa ndege ile ile na abiria wale wale. Anayeulizwa urefu wa kiwanja asikadirie kwa jicho. Apime kwa hatua au kwa mita, aseme pia kama kuna miti, nyaya za umeme au mteremko upande wowote.

Saa tatu ni saa ngapi?

Marubani wote duniani huandika saa za mpango kwa saa moja ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu. Kwa hiyo saa tatu asubuhi kwa Kiswahili ni 9:00 kwenye simu ya mkononi, na kwenye mpango wa ndege huandikwa 0600. Anayetoa taarifa aseme "saa tatu asubuhi" kwa ukamilifu, asiseme "tatu" peke yake.

Saa nyingine muhimu ni ya machweo, ambayo kwetu huwa karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Kiwanja kisicho na taa hakitumiki gizani. Rudi nyuma na hesabu: rubani anataka kuondoka Ishiara angalau dakika 20 kabla ya machweo, yaani saa kumi na mbili na dakika kumi. Kumpakia mgonjwa salama, tuseme dakika 40. Safari ya kuja dhidi ya upepo, dakika 60. Ni lazima awe ameondoka Wilson saa kumi na nusu. Kupanga na kutayarisha ndege, tuseme saa moja. Basi ombi linapaswa kumfikia saa tisa na nusu alasiri.

Ombi la saa kumi na moja jioni, kwa ndege ya aina hiyo, limekwisha kuchelewa. Ndiyo sababu safari ya ambulansi haipaswi kusimamishwa kwa matumaini ya ndege ambayo bado haijathibitishwa.

Mpango unaoachwa nyuma

Hesabu zikikamilika, rubani huwasilisha mpango wa safari kwa wahudumu wa usafiri wa anga. Huonyesha namba ya usajili, ambayo kwa ndege za Kenya huanza na 5Y, aina ya ndege, njia, kimo, mwendo, saa ya kuondoka, muda ambao mafuta yatadumu na idadi ya watu.

Karatasi hiyo ndiyo inayomtafuta rubani asipofika. Kwa utaratibu wa kimataifa, nusu saa ikipita baada ya wakati aliotarajiwa kuwasiliana, kimya chake huanza kuhesabiwa kuwa mashaka, na hatua za kumtafuta hufuata. Waokoaji hujua wapi pa kuanzia kwa sababu njia imeandikwa. Akifika salama ni lazima atoe taarifa, la sivyo atatafutwa bure. Kwenye kiwanja kisicho na mnara wa mawasiliano, taarifa hiyo huenda ikategemea simu ya mkononi, kwa hiyo mkazi anayejua mahali penye mtandao mzuri amwonyeshe.

Rubani akisema hapana

Sehemu ngumu kuliko zote haina hesabu. Rubani huamua mapema, akiwa ametulia, mambo yatakayomfanya asiruke au arudi: mawingu chini ya kimo fulani, mafuta kufikia kiwango fulani, saa fulani kupita. Huamua mapema kwa sababu akishafika na kuona mgonjwa kwenye machela na mama akilia, moyo utamsukuma aongeze dakika kumi, kisha kumi nyingine.

Kumbembeleza, kumlaumu au kumtafutia kiongozi wa kumshurutisha ni kumwondolea kinga hiyo. Ndege isiyofika haimsaidii mgonjwa, na inaweza kuongeza msiba juu ya msiba.

Mambo ya kutayarisha

• Mgonjwa apelekwe kituo cha afya kwanza. Wahudumu ndio wanaoamua na kuomba ndege. Kwa dharura piga 999 au 112.
• Toa mahali kwa nambari za ramani, ukieleza kama ni desimali au nyuzi na dakika. Omba usomewe tena.
• Eleza hali ya kiwanja ya leo, si ya mwezi uliopita: urefu, matope, mashimo, miti na nyaya.
• Eleza hali ya hewa unayoiona: Kiang'ombe kinaonekana au kimefunikwa? Upepo unatoka wapi?
• Taja uzito wa mgonjwa na wa msindikizaji kwa ukweli.
• Ondoa ng'ombe, mbuzi, watoto na pikipiki kiwanjani kabla ndege haijaonekana, na uweke watu wa kuzuia pande zote.
• Usiwashe droni kupiga picha. Droni huhitaji idhini ya KCAA, na karibu na ndege inayotua ni hatari.
• Mtu yeyote asisogelee ndege hadi injini izimwe na rafadha isimame. Kwa helikopta, subiri ishara ya rubani, kisha ukaribie kutoka mbele anakokuona. Kamwe usipite nyuma penye rafadha ya mkia.