Mashine ya Mwanga Yataka Mwalimu



Kila mwenye mikarafuu ajua moyo unavyomdunda mbele ya meza ya madaraja. Siku zote za kuchuma, kuchambua makonyo na kuanika juu ya jamvi huamuliwa pale kwa neno moja la mpimaji. Kwa hiyo zatuhusu habari za mashine ambayo katika nchi nyingi hupima nafaka na mbegu za mafuta, na hasa soya, badala ya jicho la mtu.

Mashine hiyo humulika punje kwa mwanga usioonekana, ulio jirani ya mwekundu. William Herschel aliugundua Uingereza mwaka 1800, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, akaona joto lazidi pale pasipo na rangi. Maji, mafuta na protini, kila kimoja hunyonya mwanga huo kwa namna yake. Katika miaka ya 1960 Karl Norris, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, alionyesha jinsi ya kupimia nafaka kwa njia hiyo. Kazi inayochukua maabara saa kadhaa kwa asidi na moto, mashine huimaliza kwa dakika chache, na punje hubaki nzima.

Lakini tusikilizane hapa. Mashine haioni protini. Yaona mwanga tu, kisha hulinganisha na mwanga wa punje ilizofundishwa, ambazo maabara ilizipima kwanza. Ikifundishwa vibaya hukosea, na tarakimu zake zapendeza vile vile.

Tuchukue mfano wa Zuzu, kwenye reli ya kati, karibu na mji wa Dodoma. Nchi ile ni kavu, na mvua zake ni za msimu mmoja. Soya, yenye protini kiasi cha asilimia 40 na mafuta kiasi cha asilimia 20, hustawi zaidi Ruvuma na Nyanda za Juu Kusini. Mbegu za mafuta za Dodoma ni karanga na alizeti. Tuseme mnunuzi afika Zuzu na mashine iliyofundishwa kwa soya ya Illinois. Kwa karanga haifai kitu, kwani karanga mafuta yake hukaribia nusu ya uzito, nayo yataka somo lake peke yake. Hata soya ya Songea, ikiwa ni ya mbegu nyingine na ukavu mwingine, yaweza kusomwa kombo. Hasara itamwangukia nani? Mkulima, aliyeonyeshwa namba asiyoweza kuijibu.

Mkoa huo wa Dodoma umekwisha kuonja kipimo cha ugenini. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa kabla ya kuijua vyema mvua na udongo wake, unaoshupaa ukikauka. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na mamilioni ya paundi yakapotea.

Dawa yake yajulikana. Mashine ifundishwe kwa punje za mahali penyewe, za mbegu mbalimbali na za misimu mingi, mbivu na pungufu, kavu na zenye unyevu. Kila mara ijaribiwe kwa punje ambazo maabara imezipima. Na sampuli itolewe juu, katikati na chini ya gunia, kwani konzi moja ya juu haisemi habari za gunia zima.

Tena tusiidai kisicho kazi yake. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo huua ikiwa kidogo mno, na kiwango cha Tanzania ni maikrogramu 10 tu kwa kilo. Mashine inayosoma protini na mafuta haitoshi kuithibitisha, wala punje yenye mafuta mengi si lazima iwe salama. Hapo pataka kipimo chake maalumu, na kabla ya hicho, kukausha vyema.

Basi siku mashine ya namna hii itakapowekwa mbele ya karafuu zetu, tusiikatae wala tusiisujudie. Tuulize maswali matatu: imefundishwa kwa karafuu za wapi? Mara ya mwisho imesahihishwa lini? Na mkulima asiyeridhika apeleke wapi sampuli yake ipimwe tena? Mwenye kipimo cha haki hatachoka kutujibu.