Saa Tisa Usiku, Kanga Imelowa

Saa tisa usiku feni inazunguka kwa kasi yake yote, na bado mwanamke wa miaka 49 amekaa kitandani, kanga imelowa, moyo unamwenda mbio. Muda si muda jasho linakauka, anaanza kutetemeka kwa baridi. Mchana atasinzia kazini, na mtu atamwambia ana mawazo mengi. Kinachoniuma ni kwamba wengi hawaambiwi jambo jingine zaidi ya hilo.

Chanzo cha joto hili la ghafla, linalowapata wanawake hedhi inapokoma, kiko kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayolinda joto la mwili. Mwaka 1990 Naomi Rance, mtaalamu wa magonjwa ya ubongo wa Marekani, na wenzake walichapisha walichokiona katika ubongo wa wanawake waliokwisha kufariki: kwa wale waliokuwa wamekoma hedhi, kundi fulani la seli za neva lilikuwa limenenepa. Baadaye ilijulikana kuwa seli hizo hutoa kemikali iitwayo neurokinini B, na kwamba homoni ya estrojeni ndiyo huzituliza. Estrojeni ikipungua, seli zinachachamaa na kuuaminisha mwili kwamba unaungua, hata kama chumba kimepoa. Mishipa ya damu chini ya ngozi inatanuka, jasho linatoka, usingizi unakatika. Mwaka 2015 watafiti wa Imperial College London waliwatia neurokinini B wanawake ambao bado wanapata hedhi, na wengi wao wakapandwa na joto lile lile.

Dawa zipo. Tiba ya homoni hupunguza joto hilo kuliko kitu kingine chochote, ingawa aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2023, huziba njia ya neurokinini B bila homoni, lakini anayeitumia hupimwa ini.

Ila tiba ninayotamani ijulikane zaidi haina kidonge. Anayekosa usingizi huwahi kitandani ili afidie, na hapo ndipo anapojiumiza: ubongo unazoea kwamba kitanda ni mahali pa kugeukageuka. Tiba ya mazoea ya usingizi hufanya kinyume. Kama analala saa tano na nusu tu kati ya tisa anazokaa kitandani, anapanda kitandani saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, hata Jumapili. Akikaa macho muda mrefu, anatoka kitandani. Usingizi ukishaungana, anaongezewa dakika 15 kwa wiki. Wiki za kwanza ni ngumu, na mwenye kifafa au anayeendesha gari usiku asijaribu bila daktari. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2016, wanawake wenye joto la ghafla walifundishwa haya kwa simu tu, kwa wiki nane. Mara za joto hazikupungua, lakini usingizi uliimarika. Simu wengi wetu tunazo.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya yote. Baada ya hedhi kukoma, kukatika pumzi usingizini huongezeka, na hapo dawa ya usingizi inaweza kuleta madhara. Mara nyingi mwenyewe hajui. Amuulize anayelala naye: je, nakoroma, kisha nanyamaza, kisha nashtuka kama niliyekabwa?