Tuko Wangapi, na Marikiti Tunaifikaje?



Nikitembelea vikundi, ombi ninalolisikia sana ni hili: "Tunataka barabara." Ombi ni zuri. Lakini afisa akiuliza, "Mko wangapi, na mnasafiri vipi sasa?" tunabaki kuangaliana. Leo tujifunze kuyajibu maswali hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu jibu la moja peke yake halitoshi.

Tuitazame Mombasa. Soko la Marikiti, pale kando ya Mji wa Kale, lilifunguliwa mwaka 1914. Liko kisiwani, kwa hivyo mzigo wa kutoka shamba lazima uvuke maji. Wa kaskazini hupita daraja la Nyali, wa magharibi hupita Makupa au Kipevu, na wa kusini huja kwa feri ya Likoni.

Sasa tuhesabu watu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu 1,208,333 katika kaunti nzima ya Mombasa. Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171. Likoni peke yake walikuwa 250,358. Na nyuma ya Likoni kuna kaunti ya Kwale, yenye watu 866,820. Basi mnaona: soko liko kwa wachache, na wengi wako ng'ambo.

Ukitazama ramani utasema Likoni ni karibu, maana maji yenyewe ni kama nusu kilomita tu. Lakini mama mwenye tenga la mchicha hahesabu kilomita. Yeye huhesabu saa za kungoja kwenye foleni, huku mchicha unanyauka. Umbali ni saa na pesa pia.

Tena si mali tu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Watu wakiwa wengi na vyombo vichache, gharama yake yaweza kuwa uhai.

Je, kikundi kifanye nini?

Kwanza, hesabuni watu. Mzee wa kijiji anazijua nyumba zake. Andikeni ni nyumba ngapi, watu wangapi, wanafunzi wangapi, wazee na wagonjwa wangapi. Sensa hufanywa kila miaka 10, na kijiji hubadilika kabla ya hapo.

Pili, andikeni safari yote, hatua kwa hatua. Tuchukue mfano: tenga la machungwa linauzwa shilingi 1,500. Bodaboda mpaka barabarani ni 150, matatu 200, mkokoteni 100. Jumla ni 450. Yaani katika kila shilingi 100 mnazouza, 30 zinaishia njiani. Andikeni pia saa mliyotoka na saa mliyofika.

Tatu, fanyeni hivyo mara mbili, wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Njia nzuri ya Februari yaweza kuwa matope matupu mwezi wa Mei.

Hapo ndipo mtajua shida iko wapi. Pengine hamhitaji barabara mpya. Pengine kinachowakwamisha ni kalavati moja tu, au kila mtu kusafirisha tenga lake peke yake badala ya kukodi pikapu pamoja.

Karatasi hiyo ipelekeni kwenye mikutano ya wananchi ya bajeti ya kaunti. Tangu Katiba ya 2010, barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Anayelalamika husikilizwa leo akasahauliwa kesho, lakini hesabu iliyoandikwa hubaki mezani.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kijiji chetu kina watu wangapi leo?
2. Katika shilingi 100 za mauzo, ngapi zinabaki njiani?
3. Ni hatua gani ya safari tunayoweza kuirekebisha wenyewe?

Haya, kazi kwenu. Haba na haba hujaza kibaba.