Saa ya kuandika ni ya nani?

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja wa msikiti wetu hapa Tanga alinisubiri nje ya ofisi ya kamati mpaka watu wakatawanyika. Nilidhani amekuja kulipa mchango wa maji. Kumbe alikuwa na madaftari matatu ndani ya mfuko wa kitambaa. Akayaweka juu ya meza, akasema: "Ustadh, nataka uwe shahidi yangu. Nayaacha hapa, nisije nikayarudia."

Kijana huyo ni muuguzi. Ana mke na mtoto wa miezi minane. Kwa miaka miwili amekuwa akiandika riwaya. Akanieleza kwamba usiku mmoja, akiwa zamu wodini na wagonjwa wametulia, alifungua daftari lake. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa amewekewa dripu akamwita. Hakusikia. Akamwita tena, hakusikia. Mara ya tatu yule mama akaja mwenyewe mpaka mezani akamgusa bega. Dripu ilikuwa imekwisha, na damu imeanza kurudi ndani ya mpira. Mtoto hakudhurika, alhamdulillahi. Lakini kijana alisema hajaweza kulisahau jicho la mama yule lilipotua juu ya daftari.

"Sasa niambie," akasema, "niache kazi au niache kuandika?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimrudishia madaftari yake, nikamwomba anipe wiki mbili. Haya niyaandikayo hapa ndiyo niliyomwambia alipokuja tena, kwa idhini yake, kwa sababu najua hayuko peke yake. Katika nyumba zetu wako walimu, makarani, madereva na akina mama wenye mswada uliofichwa chini ya nguo kabatini, nao hujiuliza swali hilo hilo.

Je, hadithi za kubuni ni upuuzi?

Wako wazee wetu wanaoona kwamba hadithi ya kubuni ni uongo, na kwamba Muislamu hana haja ya kuumiza kichwa kwa jambo hilo. Mjadala huu si mgeni. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alikuwa mtumishi wa dola katika mji wake, na ndiye aliyetunga Maqamat, visa 50 vya mtu mjanja aitwaye Abu Zayd. Katika utangulizi wa kitabu chake aliwatangulia wakosoaji kwa kuwakumbusha kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na kwamba kisa kilichotungwa ili kuzindua watu si sawa na maneno ya kuhadaa. Kitabu hicho kilisomwa na kufafanuliwa na wanazuoni kwa karne nyingi.

Naye Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1185, alikuwa tabibu wa khalifa wa dola ya Muwahidun. Tabibu huyo mwenye shughuli za baraza na wagonjwa ndiye aliyeandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akakua na kufikia kumjua Muumba wake kwa kutazama na kutafakari. Nilimwambia yule muuguzi kwamba hakuwa wa kwanza kuunganisha tiba na hadithi. Mradi nia ni njema na yaliyomo hayavunji mipaka ya Mwenyezi Mungu, kuandika si aibu ya kufichwa.

Kwa hiyo taabu yake haikuwa katika kuandika. Ilikuwa katika saa aliyoichagua.

Haki za watu ndani ya siku moja

Watu wengi wenye ajira huuliza: "Nitapata wapi muda wa kuandika?" Mimi naona swali linalotangulia ni jingine: muda huo ni wa nani? Siku ina saa 24, na kabla hatujaigusa imekwisha kugawanywa. Sote tunakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.), kilichomo katika Sahih Bukhari. Salman alimkuta ndugu yake amezama katika saumu na sala za usiku hata mkewe hana nafasi, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahli wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haikuachwa imeze haki za wengine, riwaya itapataje ruhusa hiyo?

Mwajiri ana haki. Saa za zamu zimekwisha kuuzwa kwa mshahara, na kuziandikia hadithi ni kuuza kitu kimoja mara mbili. Kwa muuguzi jambo ni zito zaidi, kwani mwenye haki hapo ni mgonjwa, na mgonjwa hakuja wodini kumsubiri mtu amalize sura. Hata katika ofisi isiyo na mgonjwa, karatasi na kompyuta ya kazi ni amana.

Ahli wana haki. Kijana alikiri kwamba mkewe alikuwa hajui anaandika nini; alichojua ni kwamba mumewe akiwa nyumbani hayupo. Mtoto akilia, yeye hutazama dirishani akitafuta neno.

Na nafsi ina haki, pamoja na sala yake. Mara kadhaa alikesha akiandika mpaka saa 9 za usiku, kisha Alfajiri ikampita. Kalamu inayomnyima mtu sala ya Alfajiri imekwisha kuchukua bei kubwa kuliko thamani yake.

Baada ya kuyahesabu hayo tulibaki na fungu dogo ambalo ni lake mwenyewe: muda wa simu, muda wa mpira kwenye televisheni, muda wa barazani ambako mazungumzo mara nyingi huishia kuwateta watu. Hapo ndipo saa ya kuandika ikatwe. Ni fungu dogo, lakini halina mdai.

Waliotutangulia hawakuacha kazi

Kijana alidhani kwamba mwandishi wa kweli ni yule aliyeacha kila kitu akajifungia na kalamu. Nilimwambia asiende mbali. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, hapa hapa karibu na mji wetu, aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926. Alibaki mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo na idara hadi idara. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, naye akiwa bado karani. Tena kalamu yake haikuwasahau watu wa nyumbani, kwani Utenzi wa Hati aliuandika kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe.

Zanzibar alikuwapo Muhammed Said Abdulla. Baada ya masomo, mwaka 1938, alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa miaka 10, kisha akawa mhariri wa magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale, kisa cha mpelelezi Bwana Msa, kilishinda mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 hadi 1958, kikatoka kitabuni mwaka 1960. Wakati huo alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Kitabu cha pili cha Bwana Msa, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968, mwaka aliostaafu. Vingine vilifuata baadaye. Kati ya cha kwanza na cha pili ni miaka 8, na hakuna msomaji leo anayemlaumu kwa kuchelewa.

Naguib Mahfouz wa Misri aliingia utumishi wa serikali mwaka 1934 na kustaafu mwaka 1971. Kwa miaka mingi alikuwa katika Wizara ya Wakfu, na kwa kipindi fulani alishughulika na mpango wa mikopo isiyo na riba, qardhul-hasan, akikutana na wakazi wa mtaa uleule wa Cairo aliozaliwa. Riwaya zake tatu kubwa kuhusu familia ya mtaa huo zilitoka mwaka 1956 na 1957. Hata wale wasiokubaliana na baadhi ya vitabu vyake hawakatai nidhamu yake: saa ya kazi ilikuwa ya kazi, na saa ya kuandika ilikuwa ya kuandika. Mwaka 1988 akapata Tuzo ya Nobel.

Ukiwatazama hawa watatu utaona kwamba kazi haikuwalisha chakula tu. Iliwakutanisha na watu. Karani wa forodha huona nani anapita bandarini na nini kimefichwa. Mkaguzi wa afya huingia nyumba ambazo jirani haingii. Muuguzi naye huona watu katika saa ambazo hawawezi kujifanya. Ila hapo pana amana nyingine. Siri ya mgonjwa si mali ya mwandishi. Nilimsihi kijana asiandike maradhi, jina, mtaa wala tukio ambalo mwenyewe akilisoma atajitambua. Achukue alichojifunza kuhusu hofu na subira, yule mtu amsitiri.

Na asiache kazi. Mrabaha wa riwaya ya Kiswahili hauwezi kutegemewa kununulia unga wa mwezi huu, na nafaka ya mke na mtoto ni faradhi iliyo shingoni mwake. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwatelekeza wale anaopaswa kuwalisha.

Kidogo kisichokatika

Zamu za muuguzi hubadilika, kwa hiyo hatukuweza kumpangia saa moja ya kudumu. Tulichofanya ni kuifunga kalamu kwenye sala, maana sala humfuata mtu popote. Wiki ya zamu ya mchana, huandika baada ya Alfajiri dakika 40, wakati ambao Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka. Wiki ya zamu ya asubuhi, huandika baada ya Alasiri siku ambazo mkewe amekubali. Wiki ya zamu ya usiku haandiki kabisa, hulala. Na daftari halivuki lango la hospitali.

Kijana alinung'unika kwamba dakika 40 si kitu. Tukapiga hesabu. Akiandika maneno 150 tu kwa siku, siku 5 kwa wiki, atakuwa na maneno 750. Kwa wiki 50 ni maneno 37,500, na hiyo ni riwaya fupi kamili. Hata tukiondoa wiki zote za zamu ya usiku na mwezi wa Ramadhani, kazi itaisha katika mwaka wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa amekesha miaka miwili, na mswada ulikuwa bado uko sura ya nne, kwa sababu kila akikesha usiku mmoja hupumzika wiki tatu. Amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu, tumefundishwa, ni ile idumuyo ijapokuwa chache.

Neno kwa watu wa nyumbani

Nimesema juu ya haki ya mke juu ya mume mwenye kalamu. Lakini mwenye kalamu huenda akawa mke. Leila Aboulela, Muislamu aliyekulia Khartoum, alihamia Aberdeen huko Scotland mwaka 1990. Alikuwa msomi wa takwimu, akifundisha, na huku analea watoto, ndipo alipoanza kuandika. Mwaka 2000, Tuzo ya Caine ilipotolewa kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeipata, na aliipata kwa hadithi fupi. Hadithi fupi huingia katika nafasi finyu kuliko riwaya, nao ni mlango mwema kwa mama asiye na saa nzima ya utulivu.

Ndugu yangu mwenye mke wa namna hiyo, ukimpakata mtoto kwa nusu saa baada ya Magharibi hutapungukiwa na kitu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Nanyi wazazi, mkimkuta kijana wenu akiandika, msimuulize atapata shilingi ngapi. Muulizeni kama amesali, kama amelala, kisha mwombeni awasomee ukurasa mmoja.

Yule kijana alikwenda kwa muuguzi kiongozi wa wodi yake akaeleza yaliyotokea usiku ule, jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha. Alionywa kwa maandishi. Yule mama hakumwona tena, maana mtoto alikwisha kuruhusiwa, basi humwombea dua. Mkewe amesoma sura nne za kwanza, akamwambia kwamba mhusika wa kike anazungumza kama mwanamume. Sasa anaziandika upya.

Wallahu aalam.